Barua kwa mwanangu anayepiga kampeni: unga wa mia moja ataulipia nani?

Mwanangu,

Natumai uko salama huko Nairobi, sisi huku Nakuru tuko sawa, babako anakusalimia na nyanya yako anauliza kila siku utakuja lini. Ile video uliyotuma kwa grupu ya familia nimeiona, wewe uko juu ya gari la mgombea wako na maiki mkononi unawaambia watu ati akichaguliwa 2027 ataleta sheria ya kudhibiti bei na pakiti ya unga ya kilo mbili itauzwa shilingi mia moja nchi nzima, na watu wanashangilia kabisa. Nimefurahi kukuona ukisimama mbele ya watu na sitaki uache siasa. Lakini hiyo bei tuiongee, na nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu huwa unanikata ukisema mathe mambo ya uchumi tuachie sisi, na wewe unajua hii biashara ya nafaka na kisiagi, hii mashine ya kusaga mahindi, ndiyo ilikulipia karo, hakuna kitu kuhusu bei ya mahindi nimesomea kwa kitabu, nimeiona ikipanda na kushuka mbele ya macho yangu.

Kwanza hiyo sheria mnayosema mtaleta iko tayari. Bunge liliipitisha na Kibaki akaitia sahihi mwaka 2011, inampa waziri uwezo wa kutangaza bidhaa fulani kuwa ya lazima na kuiwekea bei ya juu kabisa ambayo haifai kupitwa, na unga unaweza kuwa mojawapo. Kwa hivyo mtu akikuuliza mkutanoni hiyo sheria mpya itafanya nini ambacho hii ya 2011 haifanyi, utamjibu aje? Maana hiyo sheria ikiwa hapo hapo, 2022 pakiti ilifika mia mbili na tano na kuna maduka iliuzwa zaidi ya hiyo.

Tushike hesabu kidogo, hii hesabu uliifanya ukiwa mtoto hapa dukani. Gunia la kilo 90 likiwa Sh5,400 kilo moja ya mahindi ni shilingi 60. Pakiti ya kilo mbili ni 120 ya mahindi peke yake, na hapo hujatoa pumba, maana unga ule mweupe wa kukobolewa hautoki kilo kwa kilo, hujalipa stima, hujalipa lori, hujalipa karatasi ya pakiti wala faida ya mwenye duka. Sasa wewe unasema mia. Hiyo ishirini na nyinginezo zote anatoa nani? Ni mwenye kinu, na yeye atafunga tu mashine aende nyumbani, ama ni serikali, na serikali ni mimi na wewe na yule mama wa mboga tukikatwa ushuru mahali pengine, ama ni mkulima akilazimishwa kuuza kwa hasara. Hakuna mtu wa nne.

Na hii kitu tumeionja mara mbili, zote mwaka wa uchaguzi. Mei 2017 serikali iliweka sabsidi, yaani ililipia sehemu ya bei, pakiti ikawa Sh90, mahindi yakaletwa na meli kutoka Mexico, uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Halafu 20 Julai 2022 Uhuru akatangaza pakiti itoke 205 iwe 100 na ushuru fulani wa kuingiza mahindi ukasimamishwa, uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti, ni wiki tatu hivi. Ulikuwa hapa nyumbani 2022, unakumbuka vile watu walikuwa wanatafuta huo unga wa mia? Holseli unaambiwa haujafika, supamaketi moja hapa mjini ikawa inampa mtu pakiti mbili tu, na ule uliokuwa unaonekana kwa vioski vya Rhonda ulikuwa unauzwa bei ya zamani kwa sababu mwenye kioski aliununua bei ya zamani, utamfunga? Serikali mpya ilipoingia Septemba Ruto akasema siku ya kuapishwa kwamba sabsidi ya unga ilikula shilingi bilioni 7 na haikuleta chochote, na haikuendelea tena.

Kuna jambo moja naona hakuna mtu analisema kwa hizo kampeni zenu na linaniuma sana. Watu wangu wa Kaptembwo na Bondeni wenye kununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na kuja kusiaga hapa kwangu hawakupata hata shilingi moja ya hiyo sabsidi. Ilikuwa ya unga wa pakiti. Mahindi ya gorogoro yalibaki bei ile ile, kwa hivyo yule ambaye hana pesa ya pakiti, ambaye hununua nusu gorogoro leo na nusu kesho, alikuwa anasikia kwa redio tu ati unga umeshuka, na mwenye gari kubwa akienda supamaketi akabeba za mia, yeye ndiye alisaidiwa. Ukiwa unaahidi maskini kitu hakikisha kinamfikia maskini mwanangu.

Sasa angalia pia kalenda. Katiba imeweka uchaguzi wetu Jumanne ya pili ya Agosti, na mahindi ya Trans Nzoia, Uasin Gishu na hata huku kwetu Rongai na Njoro yanaanza kuvunwa sana kuanzia Oktoba. Maana yake kila uchaguzi unatukuta stoo ziko tupu, gunia liko juu kabisa, watu wana njaa na hasira, na ndio wakati mwanasiasa anakuja na bei yake. Halafu akishaapishwa mavuno yanaingia sokoni bei inashuka yenyewe ama angalau inatulia, na anasema ni yeye. Mimi nimeuza nafaka muda mrefu na kama mvua imenyesha vizuri sijawahi kuona Desemba ikiwa ghali kuliko Julai.

Kitu kingine ambacho wewe mtoto wa Nakuru unafaa kukiona kuliko hao wenzako wa Nairobi ni kwamba kaunti yetu ina watu wa aina mbili. Mjini wanataka unga ushuke. Ukienda Rongai, Njoro, Bahati, Subukia, wanataka gunia lipande, na wako na haki, mbolea ilikuwa imefika Sh6,500 mfuko wa kilo 50 kabla serikali iitie pesa ikawa 3,500 kisha 2,500, mbegu, kulima na trakta, kupalilia, kukausha, yote ni pesa. Nimeona mgombea, simtaji na si wako, asubuhi yuko sokoni mjini anaahidi unga wa bei ya chini na jioni yuko mashambani anaahidi bodi ya nafaka itanunua gunia kwa bei ya juu, na kote anapigiwa makofi. Pengine inawezekana kufanya zote mbili, lakini katikati ya hizo bei mbili kuna shimo na lazima useme linajazwa na pesa gani, ya nani, kwa miezi mingapi. Huyo mgombea wako umwambie maneno aliyosema Bondeni ayarudie vile vile akiwa Rongai, asibadilishe hata moja, halafu uniambie watu walimjibu nini.

Nyanya yako anakumbuka enzi za bei za serikali kabla ya 1993. Bei ilikuwa inatangazwa na mahindi hayakuruhusiwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali, anasema kutoa mahindi Kitale kuyapeleka Kisumu kuuza ilikuwa kama kubeba chang'aa, vizuizi vya polisi kila mahali, na kila kizuizi kina bei yake. Mkulima wa Trans Nzoia anauza kwa bei ya chini na analipwa akiwa amechoka kungoja, na mtu wa Siaya ama Busia ambaye shamba lake halimtoshi ananunua ghali, na hao wote ni watu maskini, mmoja wa juu mmoja wa chini, katikati wanakula wengine. Muulize mwenyewe, anaeleza vizuri kuliko mimi.

Hata riba ya mikopo ya benki unajua tulijaribu kuiwekea bei ya juu. Sheria ya Septemba 2016 ilisema benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na mimi nilifurahi nikasema sasa ntachukua mkopo ninunue mashine ya pili. Nikaenda. Benki yangu niliyokuwa nayo miaka yote ikaanza kuniambia lete hiki, lete kile, mwishowe wakasema hapana, na si mimi peke yangu, wafanyabiashara wadogo wengi walifungiwa mlango, kwa sababu kwa hiyo riba benki iliona heri ikopeshe serikali isiyo na hatari kuliko mama wa kisiagi. Bei ya mkopo ilishuka na mkopo wenyewe ukapotea. Novemba 2019 wakaiondoa hiyo sheria. Kwa hivyo nikisikia neno bei ya juu isiyopitwa mimi huuliza tu, na kitu chenyewe kitakuwepo?

Najua utaniambia na mafuta je mathe, EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi, si huweka bei kila tarehe 14 na petroli iko? Hapo una hoja na sitakukatalia. Lakini angalia vile wanafanya, wanahesabu bei ya mafuta yalipofika bandarini, dola, usafiri, ushuru, faida ya muuzaji, halafu ndio wanaandika namba, na mwezi ukibadilika namba inabadilika hata kama inauma, Septemba 2023 petroli ilipita mia mbili na bei ilikuwa imedhibitiwa hivyo hivyo. Na pale serikali ilipotaka namba iwe chini ya gharama, ikaahidi kulipa kampuni za mafuta hiyo tofauti na ikachelewa, Aprili 2022 si ulipiga laini na bodaboda na jerikeni hapa Nakuru mpaka usiku? Bei ilikuwa nzuri kwa karatasi. Hiyo ndiyo naogopa kwa unga, maana bila petroli mtu hutembea, bila unga watoto wanalala njaa.

Usifikirie nasema watu wanyamaze. Hapa kisiagini naona mambo ambayo hayafai kuonekana, mama anakuja na mahindi kidogo sana kwa mfuko wa plastiki ananiomba nimsiagie bure na huwa namsiagia, mwingine anaomba ile pumba na hana ng'ombe wala kuku. Hao watu wakisikia unga wa mia wanalia kwa furaha, na ndio sababu hilo neno haliwezi kuchezewa. Kama unataka kupigania kitu kuna Inua Jamii, ile Sh2,000 kwa mwezi ya wazee wa miaka 70 na zaidi, ipiganieni iongezwe na ilipwe kwa wakati na ifikie hata familia zenye watoto wadogo, hiyo inaenda kwa mkono wa anayehitaji na mama ataamua mwenyewe ni gorogoro ama ni maharagwe. Piganieni mashine za kukaushia mahindi ziwe karibu na mkulima, mahindi mengi sana yanaoza na sumukuvu kila msimu wa mvua ya mavuno na hayo ni chakula tumelima tukatupa. Piganieni mbolea ifike kabla ya mvua na iwe mbolea ya kweli, 2024 ulisikia ile aibu ya mbolea feki. Na serikali ijaze maghala wakati wa mavuno, Novemba, Desemba, ikinunua kwa bei ya haki kisha iyatoe Juni na Julai, hivyo bei ya Julai inashuka bila kumtisha mtu na jela. Haya hayapigiwi makofi kama mia moja, naelewa, kwa gari la kampeni una dakika chache na watu wamesimama juani.

Basi ukija wikendi njoo na hiyo manifesto yenu, nataka kuona ukurasa unaosema pesa ya sabsidi itatoka wapi, na kama huo ukurasa hauko umuulize mgombea kabla hujapanda tena hilo gari. Jumamosi alfajiri naenda Rongai kuchukua mahindi, kuna nafasi mbele kwa pikapu. Uje na sweta, kumekuwa baridi.

Mimi mamako.