Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mimea Minono Majumbani, Unguja na Pemba

Assalaamu alaykum, ndugu wanachama.

Kazi kubwa ya kamati mwaka huu ilikuwa kufumua vyungu vya mimea minono (ile yenye majani au mashina mazito yanayoweka akiba ya maji) iliyokufa. Tulikubaliana mkutano uliopita kwamba atakayefiwa na mmea asiutupe jaani, bali aulete na chungu chake na udongo wake ukaguliwe. Mlileta, ahsanteni. Jawabu lililotoka humo lilijirudia mpaka likachosha: mimea yetu ni michache inayokufa kwa kiu. Mingi inafia majini, na kosa mara nyingi haliko kwenye kata ya mwenye nyumba, liko kwenye udongo usioachia maji.

Nieleze tulichokiona, ili kila mmoja aweze kukagua mwenyewe. Mzizi mzima ukiupinda hukatika, na ndani ni mweupe. Uliooza haukatiki. Ubane kwa vidole viwili uuvute: ganda linavuka kama la kitunguu kilichochemshwa, mkononi unabakiwa na uzi mwembamba wa katikati. Mishubiri (aloe) mingi iliyoletwa ilikuwa hivyo, na juu ya chungu sentimita 2 za mwanzo zilikuwa kavu kabisa huku chini ni tope. Mwenyewe kagusa juu, kaona pakavu, kaongeza maji.

Kinachowadanganya watu ni kwamba mmea wenye kiu na mmea uliooza mizizi husinyaa wote wawili, maana hakuna unaopata maji. Tofauti iko kwenye jani. Jani lenye kiu hujikunja na kunywea lakini haliwi rojorojo, na mengi huanzia chini. Jani la mmea unaooza huwa laini, hupata rangi ya kitu kilicholowana, na ukiligusa linabaki mkononi. Ukiliona hilo usimwage hata tone. Chomoa mmea, kata kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti mpaka ufike pasipo na doa hata moja la hudhurungi, kisha uuache kivulini siku 7 hadi 10, kidonda kikauke ndipo uupande upya. Doa dogo likibaki, kazi yote imekwenda bure. Unga wa mdalasini ambao wengi wetu hupaka unasaidia kukausha kidonda. Lakini hauwezi kufikia uozo uliokwishaingia ndani.

Udongo sasa. Wanachama wengi wa Unguja walipandia kinongo, udongo wa shambani, na baadhi ya wenzetu wa Pemba walichukua udongo wa mabondeni wenye kinamo. Ni udongo mzuri kwa muhogo na mpunga. Ndani ya chungu hushikana, ukikauka hupasuka kando, na maji hupita kwenye ufa bila kugusa mizizi. Waliokimbilia mchanga wa pwani walipata tabu nyingine: una chumvi, na chembe zake nyingi ni za matumbawe, yaani chokaa. Chokaa ikizidi, mmea hauwezi kuvuta madini ya chuma hata yakiwemo, na majani machanga hugeuka manjano mishipa ikibaki kijani. Anayeona manjano hayo huongeza mbolea, na mbolea haiondoi chokaa.

Mchanganyiko ambao kamati inaupendekeza, kwa kopo lolote mtakalotumia kupimia, ni huu: makopo 3 ya chenga za vyungu vilivyovunjika au vigae vya udongo, ukubwa wa milimita 3 hadi 6, kopo 1 la mchanga mkali wa shimoni, uoshwe mpaka maji yatoke safi, kopo 1 la mboji iliyoiva na kuchekechwa, na nusu kopo la chenga za mkaa. Vipande vya matofali ya saruji havifai, navyo vina chokaa. Kokoto za mawe yetu ya matumbawe ziacheni kwa mishubiri na mikonge mwitu (sansevieria), ambayo hata porini huota maweni. Hatua inayorukwa ni kuchekecha. Vumbi lililobaki kwenye chenga hujaza nafasi zote baada ya kumwagilia mara tatu nne, ukarudi kulekule kwenye tope. Wavu wa dirisha uliochakaa unatosha kwa kazi hiyo. Ukimaliza kujaza chungu, mwagia maji: yaanze kutoka chini ndani ya sekunde 10 hivi. Yakisimama juu kama kidimbwi, fumua uchekeche tena.

Wapo wanaotumia makumbi ya nazi badala ya mboji. Sawa, lakini ulizeni yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa maji ya bahari kwa miezi. Yarowekeni maji matamu, mbadilishe maji mara tatu au nne, na yasizidi fungu moja kati ya matano, kwa sababu yanashika maji sana.

Na lile jambo la kuweka kokoto chini ya chungu "ili maji yashuke" nalisema hapa kwa mara ya mwisho, najua litapingwa. Maji yaliyo kwenye udongo wa chembe ndogo hayateremki kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae pomoni. Kokoto hizo zinapandisha tope karibu na mizizi, basi. Tundu la chini lizibwe kwa kigae kimoja au kipande cha wavu, na mchanganyiko uwe ule ule kutoka chini hadi juu.

Kuhusu kumwagilia, kamati imeacha kutoa ratiba ya siku. Tumieni kijiti cha mshikaki. Kichomeke mpaka chini, kiache dakika 5, kitoe. Kikitoka na rangi ya unyevu au udongo umeganda, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na baada ya robo saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mbu wa dengi hawahitaji zaidi ya hapo kutagia. Kwa chungu cha udongo cha sentimita 10 kilichoko barazani, kijiti kwa kawaida hutoka kikavu baada ya siku 5 hadi 7 wakati wa kaskazi, na siku 10 hadi 14 wakati wa kipupwe. Masika mimea iwe chini ya paa. Kipindi hicho hata mchanganyiko mzuri haukauki, kwa kuwa hewa yenyewe imelowa, na mwaka huu vifo vingi tulivyovikagua vilikuwa vya masika. Msibadilishe vyungu Aprili wala Mei. Septemba ni bora: joto linapanda na mizizi inapata muda wa kushika kabla ya vuli. Baada ya kubadilisha, kaeni siku 5 hadi 7 bila kumwagilia, michubuko ya mizizi ikauke.

Visima vingi vya pwani vina chumvi. Mkiona ganda jeupe kwenye mdomo wa chungu, ndiyo hiyo. Kila mwezi pitisheni maji ya mvua mengi, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, chumvi itoke chini. Mapipa ya kukingia yafunikwe kwa kitambaa. Nyumba zinazopigwa na kusi kutoka baharini, kama za Jambiani na Makunduchi, zioshe majani pia, maana upepo huo huleta chumvi mpaka dirishani.

Jua limewaunguzia watu mimea kwa sababu tunafuata vitabu vya nchi za baridi vinavyosema "dirisha la kusini" kana kwamba jua liko huko mwaka mzima. Sisi tuko takriban nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita mchana linapita kaskazini mwetu. Miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa hiyo baraza inayotazama kusini ina kivuli Juni na inapata jua kali Desemba, na inayotazama kaskazini ni kinyume chake. Mmea uliokaa kivulini miezi sita ukifikiwa na jua la Desemba hupata mabaka meupe ambayo hayaponi. Wiki ya mwisho ya Septemba sogezeni vyungu vya upande wa kusini nyuma kidogo, au vitundikieni pazia la wavu, muondoe pazia saa moja zaidi kila baada ya siku tatu. Wakaazi wa Mji Mkongwe wenye madirisha ya vichochoroni, hilo haliwahusu sana. Tatizo lenu ni mmea kurefuka shingo na kupauka, na dawa yake ni kuupeleka darini, penye mwanga.

Sasa aina za mimea, na hapa kamati haikuwa na kauli moja, lakini mimi nasema nionavyo. Tunajisumbua na echeveria, ule mmea wenye majani yaliyopangwa kama ua la waridi. Mimea hii minono hufungua vitundu vya majani usiku kuvuta hewa, mchana ikavifunga ili isipoteze maji. Utaratibu huo unataka usiku wa baridi, nao echeveria wa milima ya Meksiko wameuzoea. Usiku wetu wa Februari hubaki karibu na nyuzi 25, tena na unyevu. Mmea unashindwa kupumua vizuri, unatumia akiba yake, unaoza. Anayetaka kujaribu ajaribu, ila chama kisitumie fedha zake huko.

Tunayo ya kwetu. Zami, ambayo wataalamu huiita Zamioculcas zamiifolia, ni mmea wa Afrika Mashariki na Kusini. Ulielezwa kitaalamu Uingereza mwaka 1829, Waholanzi wakaanza kuuzalisha kibiashara mnamo 1996, na huko nje unauzwa kwa jina la Kito cha Zanzibar. Leo watu wanaununua dukani kwa bei ya kitu cha ng'ambo. Kuuzalisha ni rahisi: chomoa kimoja tu cha vile vijani vidogo vinavyounda jani, kiache siku 2, kichomeke theluthi moja kwenye mchanganyiko, mwagilia kila wiki mbili. Baada ya miezi kadhaa kinafanya kiazi chini ya udongo, ndipo chipukizi hutoka. Wengi huking'oa mwezi wa pili kutazama, na kuking'oa ndiko kunakokiua. Msiende kuchimba mimea ya msituni, na hifadhi ya Jozani ndiyo kabisa. Vyungu vya wanachama vinatosha kugawana.

Mkonge mwitu nao, hasa ule wa majani ya mabaka na kingo za mawimbi uliopewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, hauhitaji chochote ila kuachwa. Angalizo kwa wanaozalisha ule wenye kingo za manjano: ukipanda vipande vya jani, vitoto vitatoka kijani tupu. Manjano hubaki kwa kugawa shina tu. Na msichukulie kila kitu chenye jina letu kuwa chetu. Ule mshubiri mdogo wa meno meupe unaouzwa kama "Aloe zanzibarica" mara nyingi ni Aloe juvenna, na kwao ni Kenya.

Adeniamu, yaani waridi la jangwani, imefanya vizuri kuliko zote. Anayetaka tumbo nene, yaani kitako cha shina kilichovimba, apande mbegu. Kipando cha tawi hukua na kuchanua lakini tumbo lake halinenepi vile. Utomvu wake ni sumu, kama ulivyo wa mnyaa, ambao ukiingia jichoni huleta hatari kubwa. Wanaokata ua wa mnyaa wavae miwani, na ukirukia jichoni osheni kwa maji mengi bila kusita na mwende hospitali.

Wadudu: vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba vinavyofyonza mimea, kama kila mwaka. Mkiona sisimizi wanapanda chungu, msiwahangaikie hao kwanza, tazameni makwapa ya majani penye pamba nyeupe. Kijiti chenye pamba na spiriti ya asilimia 70, kila kidung'ata kiguswe, jioni, na mrudie baada ya siku 7 mara tatu kwa sababu mayai hayafi. Maji ya sabuni, kijiko kidogo kwa lita, yanafaa kwa mishubiri, lakini kwa majani yenye unga wa nta yanauondoa na haurudi. Mmea ukidumaa bila sababu, chomoeni: vidung'ata vya mizizini huacha unga mweupe ndani ya chungu.

Kuna malalamiko kuhusu muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye dungusi zake zilikuwa na maua makavu yaliyogandishwa kwa gundi, na nyingine zimepakwa rangi. Chama hakiwezi kudai fedha za mtu, lakini jueni kwamba rangi huziba vitundu vya kupumulia, na dungusi mwekundu au manjano aliyeunganishwa juu ya shina la kijani hana kijani chake mwenyewe; anaishi kwa kulishwa, na kwa kawaida hamalizi miaka mingi. Wanaoagiza kutoka nje wakumbuke kuwa karibu dungusi zote, mishubiri yote isipokuwa ule wa kawaida wa Aloe vera, na mnyaa na jamaa zake wanono wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Bila vibali na cheti cha afya ya mimea, mzigo unazuiwa bandarini, na kamati haitamwombea mtu.

Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha. Mradi wa mapipa ya maji ya mvua haukukamilika, na lawama ni ya kamati, si ya wanachama. Mkutano wa Septemba utakuwa wa kubadilisha vyungu: kila mmoja aje na mmea mmoja, kopo la kupimia, wavu na kijiti cha mshikaki. Chenga za vigae zitakuwepo. Za mwaka jana zilikuwa hazijachekechwa. Za safari hii tumezichekecha mara mbili.

Mwenyekiti