Nitanunua kwako, ila sitajiunga chini yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma zaidi ya mara moja. Umesema umepata biashara ya kuuza sabuni na vidonge, kwamba kazi huachi, ni kipato cha pembeni tu cha kuziba mapengo ya mwisho wa mwezi, na kwamba unatafuta watu watano wa kuanzisha timu yako. Ukaambatanisha ile picha ya maduara: wewe juu, watano chini yako, ishirini na tano chini yao. Jina langu umeliandika kwenye duara la kwanza kushoto. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, mimi ningepandisha sauti, na tungeishia kununiana.

Jibu langu ndilo hilo hapo juu. Kama hiyo sabuni ni nzuri kama unavyoisifu, niandike mteja, kwa bei ileile unayomuuzia mtu usiyemjua. Kujiunga, hapana. Najua hapo umeshakunja uso, umeona mama hakuamini. Soma mpaka mwisho kwanza.

Unayakumbuka yale maboksi yaliyokuwa chini ya kitanda changu ulipokuwa darasa la tatu? Ulikuwa ukiyavuta na kuyapanda ili ufikie dirisha. Hukuwahi kuniuliza yana nini, nami nilishukuru. Yalikuwa na virutubisho na dawa ya meno, mzigo wangu wa biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa huku ukiingiza watu chini yako. Tena mimi karani wa hesabu, niliyekuwa nasawazisha vitabu vya watu mpaka tarakimu ya mwisho, vitabu vya biashara yangu mwenyewe sikuwa navyo.

Aliyeniingiza alikuwa rafiki yangu wa kazini, na sijawahi kumlaumu, maana naye aliamini. Nilinunua kifurushi cha kujiunga, nikahudhuria semina, nikapiga makofi na wenzangu. Kamisheni ya kwanza ilipoingia niliona dunia imenifungukia. Halafu ukaja mchezo wa pointi. Kila mwezi ulitakiwa ufikishe pointi kadhaa, la sivyo bonasi ya mwezi huo huipati na cheo kinashuka. Ikifika tarehe 28, aliye juu yangu ananipigia kwa sauti ya upole kabisa: "Umebakiza pointi chache tu mama, usiache cheo kipotee." Basi nanunua. Najiuzia mwenyewe dawa ya meno ya kutosha shule nzima ya bweni, na kesho yake jina langu linasomwa kwenye kundi na watu wananipongeza kwa mauzo.

Usiku mmoja nikachukua daftari nikachora safu tatu: nilichonunua kwa kampuni, nilichomuuzia mtu wa nje asiye mwanachama, na nilichotumia mwenyewe au kukigawa. Ilikuwa miezi kumi na moja ya biashara. Safu ya katikati ilikuwa na majina tisa, na wanne kati yao walinunua mara moja tu, kwa kunionea huruma. Chini ya ukurasa nikaandika majina ya wale sita niliowaingiza mimi. Wote sita walinunua vifurushi. Wawili walikuwa hawajafungua hata boksi. Nilipofuatilia kamisheni zangu zilitokea wapi, karibu zote zilitoka kwa hao sita, na ukitoa nauli, vocha na sampuli nilizogawa bure, hata hizo hazikubaki.

Mmoja wao alikuwa amekopa ili ajiunge. Nilimrudishia nusu kidogo kidogo. Nusu iliyobaki alikataa kuipokea, akasema yaishe. Hadi leo tunasalimiana vizuri, lakini hajawahi tena kukaa nami meza moja.

Sasa usinisikie vibaya ukadhani nachukia uuzaji wa mkononi. Ni kazi ya zamani na ya heshima. David McConnell alikuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba huko Marekani, anawapa wanawake manukato kidogo kama zawadi, mpaka akagundua wanayapenda manukato kuliko vitabu. Mwaka 1886 akaanzisha kampuni ambayo baadaye ikaitwa Avon. Tazama pia Tupperware. Vile vyombo vya plastiki vililala madukani kwa sababu mfuniko wake ulitaka mtu akuonyeshe namna ya kuubonyeza hewa itoke. Muuzaji mmoja mwanamke, Brownie Wise, alipoanza kuonyesha sebuleni kwa watu, vikaenda, na mwaka 1951 kampuni ikaviondoa madukani kabisa. Hapo kuna sababu ya mtu kusimama kati ya kiwanda na mnunuzi: kuna kitu cha kuonyesha, na anayeonyesha analipwa kwa alichouza.

Jambo liligeuka pale muuzaji alipoanza kulipwa pia kwa mauzo ya watu aliowaingiza. Mpango wa namna hiyo ulitumika kuuza virutubisho vya Nutrilite tangu mwaka 1945, na wauzaji wawili wa bidhaa hizo, Jay Van Andel na Rich DeVos, wakaja kuanzisha Amway mwaka 1959. Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, ikaishtaki Amway kwamba ni upatu, yaani mchezo ambao waliotangulia wanalipwa kwa pesa za wanaoingia nyuma yao. Hukumu ya mwaka 1979 ikasema si upatu. Hicho ndicho kipande ambacho mkufunzi wako atakusomea, na ni kweli. Asichokusomea ni sababu. Kampuni ilikuwa na kanuni tatu: irudishe pesa ya mzigo usiouzika, mwanachama auze angalau asilimia 70 ya alichonunua ndipo alipwe bonasi, na kila mwezi awe ameuzia wateja wa rejareja kumi. Yaani kilichoinusuru ni kwamba bidhaa ilitakiwa ifike kwa mtu wa nje. Tena hukumu hiyohiyo iliikataza kampuni kutia chumvi kwenye kipato ambacho watu wangekipata.

Mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya virutubisho ya namna hii, ilikubaliana na tume hiyohiyo kulipa dola milioni 200 ili watu warudishiwe pesa zao, na ikaamriwa kuwa kwa biashara yake ya Marekani, angalau theluthi mbili ya malipo ya wauzaji yatokane na mauzo ya rejareja yanayoweza kuthibitishwa. Mwaka uliofuata hundi zikatumwa kwa watu karibu 350,000. Niliposoma habari hiyo nililikumbuka daftari langu. Walichoamriwa ndiyo ile safu yangu ya katikati.

Turudi kwenye maduara yako. Watano wanaleta watano kila mmoja, unapata 25. Hao wanaleta 125, halafu 625, halafu 3,125. Endelea hivyohivyo. Hatua ya 14 inataka watu zaidi ya bilioni 6.1, na ya 15 inataka zaidi ya bilioni 30, na dunia nzima tuko kama bilioni 8, vichanga tukiwahesabu. Mkufunzi atakwambia hakuna anayefika huko. Sawa, ila maana yake ni kwamba kila mti unakatika mahali, na wanaoukuta umekatika ni wale wa chini kabisa, ambao siku zote ndio wengi kuliko wote waliowatangulia. Wakati wowote utakaousimamisha, walio wengi hawana mtu chini yao. Huo si uvivu wao kama mnavyoambiwa semina. Umbo lenyewe ndivyo lilivyo.

Septemba 2024 maofisa wa ile tume ya biashara ya Marekani walichambua taarifa za kipato ambazo kampuni za namna hii 70 zilizitoa zenyewe. Walikuta kwamba kwa kampuni nyingi, wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hiyo ni kabla ya kutoa gharama. Tena nyingi ya taarifa hizo ziliwaacha nje washiriki ambao hawakupata kitu. Mimi karani nikiona hesabu inayoanza kwa kuwafuta waliopata sifuri, nafunga kitabu.

Kwa hiyo kabla hujaitoa pesa yako, omba mpango wa malipo ulioandikwa, si video, ukausome peke yako pasipo mtu wa kukuelezea pembeni. Tafuta jambo moja: ukiuza kwa watu wa nje tu, usimwingize hata mtu mmoja maisha yako yote, je, utapata kitu cha maana? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni kazi, jaribu. Kama jibu linaanza na "ndiyo, lakini kipato kikubwa kiko kwenye timu," ujue bidhaa umewekewa kama kifuniko. Uliza pia mzigo usipouzika wanaurudisha kwa kiasi gani, ndani ya siku ngapi, na nauli ya kuurudisha ni ya nani. Kwangu mimi ilikuwa siku 30, na niliyajua hayo siku ya 200 na ushee.

Ukiingia, usinunue mzigo kabla hujapata wa kumuuzia. Peleka sampuli, chukua oda, ndipo uagize. Usimpe mtu mali kauli kwa sababu tu ni rafiki. Utapoteza mali, kisha rafiki. Andika kila kitu, pamoja na bando unalomaliza ukiposti na jioni unazozitumia. Watu hawazihesabu jioni, na ndizo mtaji mkubwa. Na mwezi ambao pointi hazijatimia, ziache zisitimie. Uone kama dunia itaanguka.

Ukimwita mtu, mwambie mapema ni biashara. Usimwalike "kupiga stori" halafu akukute na ubao mweupe na mtu wa tai. Na hili nakuomba kwa uchungu: usimwambie mgonjwa aache dawa za daktari kwa ajili ya vidonge vyenu, hata kama waliokutangulia wanasema hivyo jukwaani. Nilikaa kwenye kiti cha semina nikamsikia mtu anasema hivyo kuhusu kisukari, nami nikapiga makofi kama wengine. Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma kurekebisha kitu kimoja, nisingeanza na pesa, ningeanza na makofi yale.

Ninafahamu mshahara haukutoshi. Nimekulea, nakujua: usingeniomba kama hali isingekubana. Ukitaka, njoo na karatasi ya mapato na matumizi tukae tuichambue pamoja, huenda kuna tundu tunaweza kuliziba bila kuuza chochote. Na kuuza unakuweza tangu utotoni, ulikuwa unaweza kumuuzia mwenzako penseli yake mwenyewe. Wala siogopi kwamba utashindwa kuwaingiza watu. Ninachoogopa ni kwamba utaweza.

Basi niandikie oda: vipande vitatu vya ile sabuni ya mafuta, na risiti yenye jina langu kwenye nafasi ya mteja. Nikivimaliza na nikaipenda nitaagiza tena bila kukumbushwa, nisipoipenda nitakwambia. Na kwenye ile picha, lile duara la kwanza kushoto, lifute jina langu leo kabla hujamtumia mtu mwingine. Shangazi yako akiliona hapo hatauliza swali, atajiunga.

Mama yako