Mama hataki tena kwenda kwenye mashine

Mshauri mpendwa,

Mimi ni binti wa miaka 34 na ninaishi na mama yangu Mji wa Kale, Mombasa. Figo zake zilishindwa kufanya kazi miaka 3 iliyopita, na tangu hapo damu yake husafishwa kwa mashine mara 2 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara. Bima ya afya ya taifa, NHIF, hutulipia, kwa hiyo sikuandikii kwa shida ya fedha. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu iliyopita mama aliniambia, kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio, kwamba anataka kuacha kwenda.

Kabla ya korona, siku za mashine zilikuwa na uchangamfu wake. Mama alikuwa na wenzake wa zamu moja, wanawake waliojuana mpaka kwa majina ya wajukuu, nami nilikaa kando yake nikimkanda miguu inapomkaza. Sasa viti vimetenganishwa, na sisi tunaouguza tunaachwa nje ya lango. Naelewa sababu, kwani mgonjwa wa figo akiambukizwa hatari yake ni kubwa. Lakini mwezi uliopita mmoja wa wale wenzake hakuonekana tena, hakuna aliyewaeleza kilichompata, na tangu siku hiyo mama akirudi nyumbani haongei.

Kaka yangu, ambaye tulikuwa tukipokezana zamu za kumuuguza, yuko Malindi, kaunti ya Kilifi, na tangu Aprili hakuna ruhusa ya kutoka Kilifi wala kuingia Mombasa. Tarehe 6 Mei mtaa wetu wenyewe ukafungwa, na siku za kliniki tunapita kizuizini kwa barua. Majirani waliokuwa wakija kumtazama kila alasiri sasa hupiga simu, naye hujibu neno moja kisha hunirudishia.

Ramadhani hii imekuwa ngumu zaidi. Misikiti imefungwa, na tarawehe aliyozoea kuisikia kupitia dirishani haipo. Wakati wa kufuturu hawezi kula tende wala kunywa dafu, kwa kuwa potasiamu ikizidi mwilini huweza kuusimamisha moyo, na hata maji yake napima mimi. Zamani wageni walijaa, na mazungumzo yalimsahaulisha kiu. Sasa tumebaki wawili, yeye na mimi ninayeshika kikombe. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni usiku akinywa maji, nikamfokea kama mtoto. Aliweka kikombe chini, akaniomba radhi. Mama yangu mzazi ndiye aliyeniomba radhi, na tangu usiku huo sijalala vizuri.

Kila mmoja wetu anamficha mwenzake. Nikitoka sokoni huoga kabla ya kumsogelea, nikamwambia ni kwa sababu ya joto, ili asijue jinsi ninavyoogopa kumletea ugonjwa. Yeye husema hana maumivu, kisha namsikia akijigeuza kitandani mpaka wakati wa daku. Nilipomuuliza kwa nini anataka kuacha, alisema haogopi kufa, bali anaogopa kunifunga. Sikuwa na jibu, kwa sababu kuna siku ambazo kweli nimejihisi nimefungwa, na nahofu kwamba aliliona hilo usoni mwangu.

Naomba unishauri. Je, nimwambie wazi kwamba nimechoka na ninaogopa, au maneno hayo yatamthibitishia kwamba yeye ni mzigo? Nitajuaje kama huu ni uamuzi wake aliouchunguza, au ni huzuni inayohitaji tiba kama ugonjwa mwingine wowote? Kliniki humpima uzito na shinikizo la damu, lakini sijasikia akiulizwa analalaje. Je, ni sawa nimweleze muuguzi bila yeye kujua? Na mimi nitapumzikaje, iwapo hakuna wa kunipokea?

Alhamisi ni siku yake ya mashine. Amekubali kwenda mara moja zaidi, kwa ajili yangu, nami sijui nimwambie nini njiani.

Binti anayeuguza,
Mombasa, Mei 2020