Risala ya Klabu ya Afya na Lishe kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu,

Kwa niaba ya wasichana wote wa bweni, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunaomba leo tuseme jambo moja tu, nalo ni mifupa yetu.

Msichana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, kiasi kinachozidi kile anachohitaji mama yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mifupa atakayoitegemea hadi uzeeni hujengwa katika miaka hii. Tulipoanza kulichunguza jambo hili tulidhani kasoro ni uchache wa kalsiamu sahanini. Kumbe kalsiamu inayoliwa si yote inayofyonzwa. Mchicha tunaokula karibu kila siku una kalsiamu nyingi, ila una pia oksaleti, kemikali ya asili ya mmea inayoikamata, hata sehemu kubwa ikatoka mwilini bila kutufaa. Sukuma wiki haina kizuizi hicho kwa kiasi kikubwa. Ulezi nao una utajiri wa kalsiamu, lakini una faiteti, kemikali nyingine ya asili ya nafaka inayoizuia isifyonzwe, na dawa yake bibi zetu waliijua zamani: kuulowesha na kuuotesha uwe kimea kabla ya kusaga.

Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Inatusikitisha kuona wenzetu wakiwasukuma pembeni ya sahani kwa kuwaona chakula cha wasio na uwezo.

Pamoja na hayo, bila vitamini D utumbo hufyonza kalsiamu kidogo sana, na vitamini hiyo ngozi huitengeneza kwa jua. Sisi huingia darasani alfajiri, na jioni huwa prepo, yaani kipindi cha kujisomea darasani. Uwanja wa netiboli, ambako tungepata jua na kuruka kunakoimarisha mifupa, umejaa mashimo na hautumiki.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kukarabati uwanja huo, na kutupatia mbegu za ulezi na sukuma wiki kwa shamba la shule. Kulima tutalima wenyewe. Kwa uongozi wa shule tunaomba uji wa asubuhi uwe wa kimea, na dagaa wapikwe walau mara mbili kwa wiki. Wazazi wetu, mnapotufungashia vitu vya kurudi navyo shuleni, maziwa ya unga yatangulie soda na biskuti.

Tunaomba kuwasilisha.