Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni: kifute kipengele cha nane cha fomu ya darasa la sanaa

Ndugu Afisa Utamaduni wa wilaya yetu,

Salaam. Natumaini hujambo, na kwamba ile ziara uliyotuahidi mwezi wa tatu pale ukumbi wa kata bado ipo njiani. Ulisema "ndani ya wiki mbili". Tumehesabu mpaka tumechoka.

Mimi ni fundi cherehani. Vyenye ncha na makali ndivyo vinavyonilisha, kwa hiyo sikuja kulalamika kwamba patasi inakata. Ninacholalamikia ni karatasi.

Mwanangu ana miaka 11. Likizo ya Juni nilimwandikisha darasa la sanaa, maana madaftari yake ya hesabu yamejaa twiga na tembo wa Tingatinga. Siku ya kwanza, getini, nikapewa fomu ya Kiingereza, kurasa mbili, nikasaini juu ya siti ya bodaboda huku dereva ananihimiza. Mtoto naye akaambiwa aandike jina lake chini. Akaandika kwa penseli.

Siku ya nne wakampa mpingo. Mpingo, Ndugu Afisa! Nenda Mwenge ukawatazame wachongaji: anayeanza hushikishwa msasa kwanza, patasi baadaye. Mwanangu kapewa patasi butu, jiliwa la kubania mti hakuna, kipande kakishika kwa mkono wa kushoto. Patasi butu kwenye mpingo haikati, inateleza. Ikaingia kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Wakakimbilia sanduku la huduma ya kwanza lililotundikwa ukutani: ndani mna kitabu cha risiti na kufuli lisilo na ufunguo. Wakamfunga kwa kitambaa cha kufutia brashi.

Hospitalini wakataka PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Polisi wakaniuliza, nani kamjeruhi? Nikakosa la kujibu. Nyuzi saba, na dole gumba mpaka leo halikunji sawasawa. Wiki tatu sikukalia cherehani. Mwenye sare za harusi akaja kuchukua vitambaa vyake, na advansi niliyokwisha kuinunulia dawa nikaikopa upya nimrudishie.

Mwenye kituo hakupandisha sauti. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye kipengele cha nane: kituo hakitawajibika kwa jeraha lolote, hata likitokana na uzembe wa kituo chenyewe. "Mama, ulisaini." Chini yake pameandikwa kwamba mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za jimbo la California. California na uswahilini kwetu wapi na wapi? Nadhani waliichota intaneti wakabadilisha jina la juu. Au kuna mtu anawauzia, maana darasa la ngoma mtaa wa pili lina fomu hiyohiyo.

Kijana wa jirani anayesoma sheria ananiambia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimhesabu mtu wa chini ya miaka 18 kuwa anaweza kufunga mkataba. Basi ile penseli ya mwanangu ni mchoro tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Hata Waingereza, tuliorithi kwao sheria chungu nzima, kwa sheria yao ya 1977 walikataza mtu kutumia karatasi kukwepa kifo au jeraha lililoletwa na uzembe wake. Huenda mahakamani nikashinda. Nauli ya kwenda na kurudi, na kazi zitakazolala, atanilipa nani?

Ningenyamaza. Ila Jumamosi iliyopita, palepale, binti wa watu kaingiwa na thina jichoni wakichanganya rangi za mafuta, na bomba siku hiyo halina maji. Mama yake alipokwenda kuuliza, faili likafunguliwa.

Kwa hiyo naomba uje. Naomba jiliwa, patasi zilizonolewa, ndoo ya maji, sanduku lenye bandeji. Naomba fomu ya Kiswahili. Hayo yote yakikushinda, maana tunaambiwa kila siku gari halina mafuta, njoo na kalamu tu ukifute kipengele cha nane. Hicho kimoja. Bodaboda nitakulipia mimi.

Ufanye haraka kidogo. Juzi nimepita duka la kutoa kopi, nimekuta fomu za likizo ya Desemba mezani, mafungu mawili, wino bado wa moto.

Wako,
Mama mzazi, fundi cherehani