Barua ya Wazi kwa Waziri: Kabla ya Tawi Jingine la Baga, Tuonyesheni Vipimo vya Viazi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Kariobangi. Nakuandikia wewe uliyekabidhiwa dhamana ya kilimo cha nchi hii, na naandika hadharani kwa sababu barua nilizotangulia kutuma hazikupata jibu. Ningependa tuzungumze ofisini, mezani, kwa utaratibu. Sikupewa nafasi hiyo.

Kampuni moja ya baga ambayo wakazi wa Nairobi wameizoea imetangaza kwamba inapanuka. Itafungua matawi zaidi jijini, kisha iende miji mingine, kisha ivuke mpaka kwa majirani zetu. Viongozi wameisifu. Mimi pia sina kinyongo nayo. Vijana wetu wanaajiriwa pale jikoni na kwenye pikipiki za kupeleka chakula, na mshahara wa kijana mmoja hulisha watu wengi. Shida yangu, Mheshimiwa, ni hicho kinachowekwa kando ya baga. Ni chipsi.

Mimi ni mkata viazi. Viazi vyangu hutoka Kinangop, kaunti ya Nyandarua, usiku kwa lori. Tunavimenya, tunavikata, tunavisuuza mpaka maji yaache kuwa meupe kwa wanga, tunavifunga kwa mifuko, na vibanda vya Umoja na Donholm vinapowasha mafuta asubuhi, mzigo umeshafika. Kina mama wanaomenya hapo kwangu wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Nilipohudhuria mkutano wa wadau na kusikia kwa masikio yangu kwamba migahawa mikubwa inakuja na wafanyabiashara wa hapa wajiandae, nilijiandaa. Nilichukua mkopo kwenye chama, nikanunua mashine ya kukata na friza. Mkopo huo naulipa hadi leo. Friza imejaa maji ya kunywa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye tawi jipya la kampuni hiyo nikiwa na ndoo mbili za sampuli. Hivyo havikuwa viazi vya kuokota sokoni. Mkulima wangu alikuwa amepanda Markies, aina inayofaa kwa chipsi, na nilivikata kwa urefu mmoja, vikavu, safi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na lori la baridi lilikuwa linashusha katoni. Nilisoma ubavuni mwa katoni jina la nchi ya nje na maagizo kwamba bidhaa ihifadhiwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kijana wa stoo alinisalimu vizuri, akaniita mama, akafungua mfuniko wa ndoo yangu na kutazama. Akasema, "Mama, hizi ni poa, lakini sina ruhusa hata ya kuzipima." Nikamwomba basi anipe karatasi ya vipimo, nijue wanataka urefu gani, sukari kiasi gani, aina ipi, ili nikajipange. Aliingia ndani kuuliza. Aliporudi aliniambia hiyo ni siri ya kampuni.

Siri, Mheshimiwa! Mkulima wa Nyandarua atalima vipi kufikia kipimo ambacho ni siri?

Naomba nikukumbushe Januari 2022. KFC, kampuni ya kigeni ya kuku wa kukaanga iliyokuwa nchini tangu 2011, iliishiwa na chipsi kwa sababu meli zilichelewa wakati wa Korona. Hapo ndipo Wakenya wengi walipojua kwamba chipsi walizokuwa wakila zilitoka nje, huku wakulima wetu wakitafuta wanunuzi. Watu walikasirika nchi nzima. Kampuni ilieleza kwamba kila msambazaji lazima apitie ukaguzi wa ubora wa kimataifa, na baadaye ikasema itaanza kuwapokea wasambazaji wa ndani. Viongozi wakazungumza kwa ukali mbele ya kamera. Tukapiga makofi. Sasa mwingine anapanuka, na mimi nimesimama mlango wa nyuma na ndoo zangu, naambiwa maneno yale yale.

Sitaki unione kama mtu asiyeelewa. Najua si kila kiazi chetu kinafaa. Shangi, ambayo ndiyo imejaa mashambani, huiva upesi na kuokoa gesi, ndiyo maana jikoni kwetu inapendwa. Lakini huchipua haraka baada ya kuvunwa, kwa hiyo haikai ghalani. Kiazi cha chipsi za kugandishwa kinatakiwa kiwe na ukavu wa kutosha, yaani kile kinachobaki maji yakitolewa (watu wa viwanda hutaka angalau asilimia 20 ya uzito), na sukari kidogo, kwa sababu sukari ikizidi chipsi hugeuka kahawia kwenye mafuta hata kabla ya kuiva. Ukikihifadhi kwenye baridi kali kupita kiasi, sukari hiyo hupanda. Haya yote tunayajua na tunaweza kuyafuata. Aina zinazofaa zipo. Watafiti wetu wa viazi wako Tigoni, Limuru, si mbali na hapa.

Kinachokosekana ni mnunuzi aliyeandika sahihi. Mkulima hatanunua mbegu ghali iliyothibitishwa bila kujua nani atanunua mavuno. Kampuni nayo husema haiwezi kuingia mkataba kwa sababu viazi vinavyofaa havipo. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na katikati yao anapita broka na gunia la lumbesa. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Mwende Kinangop mkaone gunia lililoshonewa kilemba juu, kilo zaidi ya 100 zikilipwa kama gunia moja. Mkulima mwenye mkataba angemkatalia broka. Asiye na mkataba atafanya nini, na Shangi zake zinachipua?

Nashuku pia kuna jambo la ushuru. Chukua mfano wa chipsi zinazotoka Misri: Misri na Kenya ziko pamoja katika eneo huru la biashara la COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na bidhaa za huko huingia bila ushuru. Siombi mfunge mpaka, kwa sababu chai yetu nayo huuzwa Misri. Nasema tu kwamba kontena likiwa rahisi hivyo, hakuna kampuni itakayojisumbua kwenda kwa wakulima wa Ol Kalou kwa hiari yake. Lazima iombwe, na anayeomba lazima awe na uzito kuliko mwanamke mwenye ndoo mbili.

Wengine waliweza. McDonald's ilipofungua Moscow mwaka 1990, viazi vya kufaa havikuwepo, na mbegu za aina ya Russet Burbank zilipelekwa kwa wakulima wa huko na kiwanda kikajengwa nje kidogo ya jiji. Ilipoingia India mwaka 1996, chipsi za mwanzo ziliagizwa kutoka nje. Kampuni ya McCain, inayotengeneza chipsi za kugandishwa, ikaketi na wakulima wa Gujarat, ikawafundisha aina mpya na njia ya kumwagilia, na ikajenga kiwanda chake huko huko. Wakulima wale hawakuzaliwa wakijua sukari ya kiazi. Walionyeshwa kipimo, wakakifikia.

Najua nitajibiwa kwamba kilimo kiligatuliwa na Katiba ya 2010 na niende kaunti. Nimeshakwenda huko, nikaambiwa mambo ya kampuni za kigeni ni ya serikali ya kitaifa. Lakini sera ya kilimo ni ya kitaifa, na biashara ya nje pia ni ya kitaifa. Kontena likishushwa Mombasa halimngojei gavana. Kwa hiyo nimerudi kwako.

Ombi langu ni moja. Sikuombi pesa, wala sikuombi uniletee zabuni mimi binafsi. Kabla hujaalikwa kukata utepe wa tawi lijalo, iite kampuni hiyo na uiombe iweke hadharani vipimo vyake vya viazi: aina, ukavu, sukari, urefu, dawa zinazoruhusiwa shambani, na ukaguzi unaotakiwa. Kisha iseme ni lini itaanza kununua hapa na kwa kiasi gani. Vichapishwe kwa Kiswahili, vibandikwe Njabini, Molo na Bomet, vibandikwe soko la Marikiti hapa Nairobi. Mengine tutafanya wenyewe.

Wakikataa, utuambie wamekataa. Hilo pia tutalipokea kuliko kimya. Msimu wa kupanda unakaribia, na mkulima wangu ananipigia simu kuuliza kama arudie Markies au arudi kwenye Shangi. Sina la kumwambia, Mheshimiwa. Tupeni vipimo.

Wako kwa heshima,
Mkata viazi, Kariobangi, Nairobi