Kaka, tumalize la ile chupa

Hamburg, Jumapili usiku

Kaka Godi,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Pesa ya dawa zake nimetuma kwa simu ya Neema, si kwa yako, na sababu unaijua.

Ombi lako la milioni na nusu ya duka nimelisoma. Ila tuanze na Krismasi. Neema alinirushia video. Ndafu iko mezani, mashemeji wamekaa, wewe umeinua ile chupa ya manukato ya Cool Water niliyomtumia baba mdogo: "Huyu wa Ulaya kapigwa, Mbuyuni hii elfu nane!" Wakacheka hadi mtu akamwaga mbege. Iliniuma, kaka.

Hiyo kopi yako ya elfu nane Mosha alinifikishia. Kifuniko kimelegea, nusu imemwagikia kahawa ya mama, sasa nikichemsha jikoni kwangu kunanukia kinyozi. Iliyobaki nimeijaribu kwa haki: mkono wa kushoto yako, wa kulia orijino.

Nusu saa ya kwanza, nakiri, sikuzitofautisha. Ile harufu ya maji baridi inatoka zaidi kwenye kemikali moja, dihidromirsenoli, na si ya bei kubwa, kwa hiyo mwanzo kila mtu anauiga. Tena nikupe silaha: Pierre Bourdon aliyeitengeneza Cool Water mwaka 1988 alikuwa ameshatengeneza Green Irish Tweed ya Creed mwaka 1985, na wenye pua zao wanasema hizo mbili ni ndugu kabisa. Kwa hiyo hata orijino ina mkubwa wake.

Lakini baada ya hapo? Kushoto ikawa sabuni ya unga, saa sita mchana kimya. Kulia mnanaa ulipungua taratibu, ikaja tumbaku kwa mbali, kama koti la marehemu baba akitoka kikao cha ukoo. Usiku navua skafu, bado ipo. Nilikaa nayo kitandani muda kidogo.

Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, niliinunua kwa punguzo. Siku hizi hapa si ya matajiri. Usimwambie baba mdogo.

Mimi mzima. Kazini nasimamia watu kumi na wawili, wanne Wajerumani wenyewe, na wananiita bosi. Baridi na zamu za usiku tuyaache.

Duka lako natoa laki saba, nyingine tafuta. Hizo za elfu nane uza, vijana wa bodaboda watazipenda, ila mteja ajue ni kopi. Usinibandikie jina la Cool Water juu yake. Na chupa ya baba mdogo mrudishie. Neema kaiona chumbani kwako.

Mama aniwekee kahawa nyingine. Safari hii isifungwe na mzigo wako.

Mdogo wako,
Eli